Daftari Kabla ya Andiko: Historia ya Kuchangisha Fedha Musoma

Jina la Kigera lina makao mawili upande huu wa Ziwa Victoria. Lipo kama kata ya Manispaa ya Musoma, na lipo kama kijiji katika kata ya Nyakatende, Musoma Vijijini. Kote kuwili, kama ilivyo Bunda na Butiama, shughuli za jamii leo zinamtegemea mtu ambaye wazee wa zamani hawakuwa na jina lake: mshauri elekezi anayejitegemea. Hana mwajiri mmoja. Huitwa na kikundi cha wanawake, asasi ya vijana, parokia au kamati ya ujenzi wa shule. Husikiliza shida, hupanga bajeti, huandika andiko la mradi, hutafuta mfadhili, kisha humfundisha mweka hazina namna ya kutunza stakabadhi. Wengi huamini kazi hii ililetwa na mashirika ya miaka ya 1990. Mimi naona kazi yenyewe ni kongwe, na kilichobadilika ni mikono inayoishika. Historia ya mkoa wa Mara inatufundisha jambo moja kuihusu: anayeomba fedha kwa niaba ya watu hufanikiwa pale anapowajibika kwanza kwa wale waliotoa jasho lao, na mfadhili akafuata.

Kabla ya fedha kuwa kipimo cha kila kitu, mtaji wa kijiji ulikuwa mikono. Wakurya wa kaskazini mwa mkoa wana neno risaga kwa kazi ya ujima, ambapo mwenye shamba huandaa pombe au chakula na majirani huja na majembe yao kulima, kupalilia au kuvuna. Aliyesaidiwa leo alikuwa na deni la kwenda kwa mwenzake kesho. Hapakuwa na risiti, kwa kuwa kumbukumbu ya majirani ilitosha, na anayekwepa mara mbili tatu alijikuta peke yake msimu wa palizi. Nisieleweke kwamba zamani palikuwa peponi. Mwenye ng'ombe wengi na nafaka ya kutosha aliweza kuita watu wengi kuliko mjane. Hata hivyo utaratibu ule ulikuwa na sifa ambayo tutaitafuta katika kila hatua inayofuata: anayeomba aliishi miongoni mwa aliowaomba, na hesabu ya nani ametoa nini ilikuwa mali ya wote.

Wamisionari ndio walioitenga hesabu hiyo katika vitabu viwili, kimoja cha mtoaji wa mbali na kimoja cha mwenye jasho. Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita White Fathers, walifungua misheni ya Nyegina mwaka 1911. Wamenoni kutoka Pennsylvania walifika Shirati mwaka 1934, na mapadre wa Maryknoll kutoka jimbo la New York walianza kazi Musoma mwaka 1946. Shule na zahanati zao zilihitaji fedha, na fedha ilitoka kwa waumini wa mbali waliosoma barua na majarida ya misheni yenye picha za watoto na majengo. Tukitaka kumjua mwandishi wa kwanza wa maandiko katika ukanda huu, ni yule padre au mchungaji aliyekaa usiku mbele ya taa ya mafuta akiwaeleza watu wasiowahi kuiona Musoma kwa nini paa la darasa linahitaji mabati. Aliifanya kazi hiyo kwa moyo, na matunda yake bado yanatibu na kufundisha. Lakini barua ile ilitoa maelezo kwa mtoaji wa ng'ambo kwa undani kuliko kwa aliyefyatua tofali na kubeba mawe, na hesabu za mwisho zilisomwa ng'ambo. Ilichukua muda mambo kugeuka. Kanisa la Mennonite Tanganyika lilianza kujitawala mwaka 1960, na Zedekiah Kisare akawa askofu wake wa kwanza Mwafrika mwaka 1967. Kuanzia hapo swali la nani aandike kwa wafadhili, na aseme nini, likawa la wenyeji wenyewe.

Uhuru ulileta mkono wa tatu, ule wa serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wananchi wa Tanganyika walijitolea kwa wingi kujenga barabara, madarasa na zahanati chini ya wito wa uhuru na kazi. Ari ilikuwa kubwa kuliko mpango. Mahali pengi jengo lilikamilika na mwalimu hakupatikana, au zahanati ikasimama bila dawa, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameuliza mapema nani atalipa mshahara baada ya sherehe ya ufunguzi. Julius Nyerere, mtoto wa Butiama aliyeanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, aliliona tatizo hilo kwa upana wake. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikataa kuifanya fedha kuwa msingi wa maendeleo, likaonya kwamba taifa linalotegemea misaada ya nje linauza sehemu ya uhuru wake. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaharakisha elimu ya msingi kwa wote, na mzigo mkubwa wa kujenga madarasa ukaangukia mabega ya vijiji. Kazi ya kuunganisha nguvu ya wananchi na rasilimali za serikali ikawa ya afisa maendeleo ya jamii. Chuo cha Maendeleo ya Jamii Buhare, hapo hapo Musoma, kimeendelea kuwaandaa watu wa kada hiyo. Kwa maana halisi, afisa huyu alikuwa mshauri elekezi aliyelipwa mshahara na serikali.

Ushahidi mzito zaidi uko katika maji. Mwaka 1971 serikali iliahidi kuwafikishia maji wananchi wote wa vijijini katika miaka 20. Miradi mingi ilijengwa, na mingi ikakauka. Mwaka 1985 ukaja mpango wa HESAWA, uliofadhiliwa na Sweden katika mikoa ya Mara, Mwanza na Kagera hadi mwaka 2002, ukiunganisha afya, usafi wa mazingira na maji. HESAWA ilikusudia kijiji kishiriki: kitoe nguvu kazi, kiunde kamati ya maji, kiwe na mfuko wake na fundi wake. Pampu ya mkono inaeleza vizuri kwa nini hilo lilikuwa muhimu. Maji huvutwa na ringi ya mpira inayopanda na kushuka ndani ya silinda. Ringi hulika. Siku ringi inapokwisha, mpini unakuwa mwepesi, mama anapampu na hakuna kinachotoka. Kinachohitajika ni kipuri kidogo, spana, mtu anayejua kuvuta bomba bila kulivunja, na fedha kidogo iliyokwisha kusanywa kabla ya siku hiyo. Kijiji chenye daftari la mfuko wa maji linaloaminika hutengeneza pampu yake ndani ya siku chache. Kijiji ambacho kamati yake iliundwa ili kutimiza sharti la mfadhili hurudi ziwani au kwenye madimbwi, huku jiwe la kumbukumbu la mradi likiendelea kung'aa. Sera ya maji ya mwaka 1991 ilipoanza kuwataka watumiaji wachangie gharama, ilikuwa inakiri somo hilo hilo.

Katika mazingira hayo ndipo mshauri anayejitegemea alipozaliwa. Mashirika yasiyo ya kiserikali yaliongezeka kwa kasi katika miaka ya 1990. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianza mwaka 2000, ukidai jamii iibue mradi wake na kuuchangia. Sera ya mashirika yasiyo ya kiserikali ikatoka mwaka 2001 na Sheria Namba 24 ikafuata mwaka 2002. Ghafla kila kikundi kilihitaji katiba, usajili, mpango mkakati, jedwali la malengo na viashiria, na andiko la Kiingereza lenye tarehe ya mwisho. Mtu aliyejua lugha ya fomu akawa na bidhaa ya kuuza. Hapo ndipo ilipo hatari ya kazi hii. Andiko linaweza kuandikwa mjini bila mwandishi kukanyaga kijiji, kisha likatumika kwa kijiji cha pili kwa kubadilisha jina tu. Hatari huwa kubwa zaidi malipo yanapokuwa asilimia ya fedha itakayopatikana, kwa sababu mwandishi anapata faida kwa kukuza shida na kukuza bajeti. Wamarekani, walioifanya kazi hii kuwa taaluma mapema, walilijua tatizo hilo. Kampuni za ushauri wa uchangishaji zilikuwapo New York tangu mwaka 1919, na chama chao kilichoundwa mwaka 1935 kilisimamia kanuni ya malipo yaliyokubaliwa kwa kazi, badala ya kamisheni. Kanuni hiyo inafaa Musoma leo kama ilivyofaa kwao.

Kuna pingamizi ambalo silichukulii kwa wepesi: kwamba kudai wananchi wachangie kwanza ni kuwatoza maskini kodi ya pili. Historia inalipa pingamizi hilo nguvu. Wakati wa ujenzi wa shule za kata, hasa baada ya mpango wa elimu ya sekondari wa mwaka 2004, michango ya hiari mahali pengi iligeuka kuwa amri, na Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima shuleni baada ya watoto kurudishwa nyumbani. Kenya nayo iliona harambee, iliyoanza kama wito wa kujenga taifa, ikitekwa na wanasiasa, hata sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003 ikawawekea mipaka ya kuomba michango. Nakubali yote hayo. Mchango uliotolewa kwa hofu hauthibitishi chochote kuhusu umiliki. Lakini dawa yake ni kuubadilisha utaratibu: kiwango kiamuliwe na mkutano mkuu wa kijiji, wazee na wagonjwa wasamehewe waziwazi, na tripu ya mawe, ndoo ya maji na siku ya kuchimba msingi vihesabiwe kama fedha. Mshauri mzuri ana kazi hapa. Akikaa na mtendaji wa kijiji na kuliandika vizuri daftari la michango, lenye safu ya jina, kitongoji, ahadi, kilichotolewa na sahihi, amempa maskini ushahidi kwamba jasho lake lina thamani kwenye bajeti.

Wengine husema haya yote ni kazi ya serikali, na kwamba kusifu michango ni kuisamehe dola wajibu wake. Hospitali ya rufaa ya Kwangwa, Musoma, ilikaa bila kukamilika kwa miongo zaidi ya mitatu hadi serikali ilipoifufua na kuipa jina la Mwalimu Nyerere. Hakuna daftari la kijiji ambalo lingeimaliza. Hilo ni kweli, na linaonyesha mpaka wa hoja yangu. Mambo makubwa yanahitaji hazina ya taifa. Lakini hata haki inahitaji kudaiwa kwa maandishi na takwimu. Sheria imetenga asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa mikopo ya vikundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na kikundi kisichojua kuandika mpango wa biashara huiona fedha hiyo ikipita mbali. Afisa maendeleo wa kata peke yake ana vikundi vingi, naye ni mwajiriwa wa halmashauri ile ile inayoombwa. Mtu wa tatu, anayelipwa na kikundi na kuwajibika kwake, anaweza kusema lile ambalo afisa hawezi.

Mwaka 2025 hoja hii iliacha kuwa ya nadharia. Marekani ilisimamisha misaada yake mwezi Januari, na kufikia Julai shirika la USAID lilikuwa limefungwa, na mashirika mengi ya Afrika Mashariki yakajikuta na ofisi bila programu. Yaliyojengwa juu ya andiko pekee yaliyumba zaidi, kwa kuwa hayakuwa na watu wa kuyashikilia. Kijijini Kigera, Nyakatende, sekondari yenye jina la kijiji ilianza kwa njia nyingine: wanakijiji walisomba mawe, mchanga na maji, viongozi na wadau wakachangia, na fedha za umma zikaongezwa. Mshauri anayefika mahali kama hapo anakuta nusu ya andiko limeshaandikwa na mikono ya watu. Tangu mwaka 2018 kanuni zinayataka mashirika yasiyo ya kiserikali kutangaza hadharani ufadhili unaozidi shilingi milioni 20. Mshauri wa Musoma na afanye hivyo hata kwa shilingi laki mbili. Asimame kwenye mkutano wa kijiji asome kwa sauti kilichoombwa, kilichopatikana, kilichotumika na malipo yake mwenyewe, mbele ya wale ambao majina yao yamo daftarini, naye asubiri maswali yao.