Mali, Daftari na Mashine ya Lyons

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye kibanda kimoja cha chai aweza kuipuuza methali hiyo kwa muda, kwa kuwa daftari lake limo kichwani mwake. Anajua maziwa yaliyobaki, anajua sukari iliyopungua, na anamjua mteja aliyekula jana akaahidi kulipa kesho. Lakini mpe mtu huyo vibanda mia mbili, pamoja na jiko kubwa la kuoka mikate, magari ya kuichukua na maelfu ya watumishi wa kulipwa kila juma, nawe utaona jinsi taabu inavyomwingia. Mwokaji hatajua muuzaji ameuza nini. Mwenye ghala hatajua mwokaji anataka unga kiasi gani. Karani wa mishahara atakuwa na daftari lake, karani wa mauzo lake, na kila daftari litasema lugha yake.

Siku hizi makampuni makubwa ya dunia huitibu taabu hiyo kwa mitambo ya habari inayounganisha idara zote, hata jambo likiandikwa mara moja mahali pamoja lionekane kila linapohitajiwa. Wengi hudhani kwamba mitambo hiyo ilianzia katika benki au katika viwanda vya silaha. Ukweli ni kwamba mmoja wa mizizi yake mikubwa umo katika jiko la mikate na keki mjini London.

Kampuni ya J. Lyons & Co. ilifungua duka lake la kwanza la chai katika mtaa wa Piccadilly mwaka wa 1894. Maduka yake yalikuwa safi na bei zake zilikuwa nafuu, na watu wa kawaida waliyapenda. Baadaye yalizidi 200. Mikate na keki zilitoka katika majengo makubwa ya kampuni yaliyoitwa Cadby Hall, upande wa magharibi wa mji. Nayo kampuni ilikuwa na shamba lake la chai katika Nyasaland, nchi tunayoiita leo Malawi. Faida ya kikombe kimoja cha chai ilikuwa ndogo mno. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kikivuja mahali pasipojulikana hakijai kamwe. Kwa hiyo Lyons walihitaji kujua mapema sana ni keki gani iliyoleta faida na ni ipi iliyoleta hasara, na ili kujua hayo waliajiri makarani wengi waliojumlisha risiti kutwa kucha.

Mwaka wa 1923 kampuni ilimwajiri John Simmons, kijana aliyekuwa hodari wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Simmons hakuridhika na kuongeza makarani tu. Aliuliza kila karatasi iliyoandikwa katika ofisi ilikuwa na kazi gani, ilisomwa na nani, na kama haikusomwa, kwa nini iliandikwa. Katika miaka ya 1930 palikuwa na ofisi maalumu ya kuchunguza taratibu za kazi. Jambo hili lafaa likumbukwe vema. Kabla Lyons hawajapata mashine yoyote ya ajabu, walikuwa wamekwisha kuitengeneza nyumba yao. Walijua kila habari ilitoka wapi na ilikwenda wapi.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia habari zilienea juu ya mashine za umeme za kufanyia hesabu, ambazo wakati ule zilitumiwa na majeshi na wanasayansi. Mwaka wa 1947 Lyons waliwatuma Marekani maofisa wawili, Thomas Raymond Thompson na Oliver Standingford, wakachunguze kazi za ofisi kule. Huko walikutana na mtaalamu Herman Goldstine, naye akawaambia jambo lililowashangaza: kwamba kwao Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, mtu aliyeitwa Maurice Wilkes alikuwa akijenga mashine ya namna hiyo hiyo. Walisafiri mbali kutafuta kilichokuwa karibu na mlango wao.

Lyons wakampa Wilkes fedha na fundi mmoja wa kumsaidia. Mashine ya Cambridge, iliyoitwa EDSAC, ilifanya kazi yake ya kwanza mwezi wa Mei 1949. Ndipo wenye maduka ya chai wakakata shauri la kujenga yao wenyewe kwa kuufuata mfano huo, maana hapakuwa na mtu wa kuwauzia. Walimwajiri mhandisi John Pinkerton aijenge, na David Caminer, ofisa wa kampuni, akapewa kazi ya kupanga maagizo yatakayoiongoza. Mashine ikaitwa LEO, jina lililofupisha maneno ya Kiingereza yenye maana ya ofisi ya umeme ya Lyons. Msomaji wa Kiswahili atatabasamu alionapo jina hilo, na kwa kweli lilifaa, kwa kuwa kazi kubwa ya mashine ile ilikuwa kuwapa wakubwa habari za leo badala ya habari za juma lililopita.

LEO haikufanana na kompyuta tunazozijua sasa. Ilijaza chumba kizima. Ilikuwa na valvu za kioo zipatazo 6,000, ambazo zilipata moto na kufa mara kwa mara, na kumbukumbu yake ilihifadhiwa kama mawimbi ya sauti yapitayo katika mirija ya zebaki. Habari ziliingizwa kwa kadi zilizotobolewa matundu na kwa utepe wa karatasi. Hata hivyo, mwezi wa Novemba 1951, LEO ilianza kufanya kila juma hesabu ya thamani ya mikate na keki: gharama ya unga, ya kazi na ya moto, na thamani ya vitu vilivyopelekwa madukani. Huo ndio mwanzo wa kompyuta kufanya kazi ya kila juma ya biashara, na hakuna biashara iliyotangulia.

Kufikia mwanzo wa mwaka 1954 LEO ilikuwa ikihesabu mishahara pia. Karani hodari alitumia yapata dakika nane kukokotoa mshahara wa mtu mmoja, pamoja na kodi na makato. LEO ilitumia sekunde moja na nusu. Lakini Lyons hawakuiamini kwa sababu ya wepisi wake. Kabla ya kuikabidhi kazi hiyo, mashine na makarani walifanya hesabu zile zile kwa muda, na majibu yakalinganishwa. Caminer na wenzake, miongoni mwao Mary Coombs, mwanamke wa kwanza kuandika programu za LEO, walijifunza kuweka katika kila kazi njia ya kujihakiki: jumla zilizojulikana kabla, ambazo mashine ilipaswa kuzifikia, na kama haikuzifikia, kazi ilisimama mpaka sababu ipatikane.

Kazi iliyoonyesha waziwazi maana ya kuunganisha biashara ilikuwa ile ya oda za maduka ya chai, iliyoanza mwaka huo huo wa 1954. Kila duka lilikuwa na oda yake ya kawaida kwa kila siku ya juma, na oda hiyo LEO ilikuwa nayo. Kila alasiri bibi msimamizi wa duka aliongea kwa simu na ofisi kuu na kutaja mabadiliko tu: kesho niongezeeni mikate, nipunguzieni keki. Msichana aliyepokea simu alitoboa kadi papo hapo. Kutokana na kadi hizo LEO ilijumlisha mahitaji ya maduka yote na kuwaambia waokaji waoke nini usiku ule; iliwaandikia wafungaji orodha ya kila duka; na iliwapa wakubwa taarifa ya mauzo na ya thamani yake. Neno moja la bibi msimamizi lilikwenda jikoni, likaenda garini, likaenda katika vitabu vya hesabu, wala hapana aliyeliandika mara ya pili.

Hapo ndipo siri yote ilipo. Habari iandikwe mara moja, na mtu aliye karibu nayo kuliko wote, kisha itumiwe na wote. Angalia pia kwamba mashine haikumwondolea bibi yule akili yake. Yeye ndiye aliyejua kwamba kesho ni siku ya soko, au kwamba mvua itawaleta watu ndani. Mashine ilichukua kazi ya kukumbuka na kujumlisha, kazi ya kuamua ikabaki kwake.

Wazo hilo likaenea. Lyons walianzisha kampuni ya kuuza mashine hizo mwaka 1954, na moja ya zile za aina ya tatu ilifika Afrika ya Kusini, katika makampuni ya migodi ya Johannesburg, mwaka wa 1962. Mwaka 1972 wanaume watano waliotoka katika kampuni ya IBM walianzisha huko Ujerumani kampuni iitwayo SAP, wakaanza kwa kazi ya kiwanda cha nailoni katika mji wa Östringen. Nia yao ilikuwa kwamba ghala, mauzo, manunuzi na hesabu za fedha zitumie hazina moja ya habari. Leo mitambo ya namna hiyo imo katika viwanda, hospitali na serikali za nchi nyingi.

Lakini historia haimalizi hadithi zake kwa furaha tu. Kampuni ya LEO iliunganishwa na English Electric mwaka wa 1963, na baada ya miungano mingine ikawa sehemu ya kampuni ya ICL mwaka wa 1968. ICL nayo ilinunuliwa baadaye na Fujitsu ya Ujapani. Na ni ICL hiyo hiyo, mrithi wa mashine ya mikate, iliyojenga mtambo uitwao Horizon kwa ajili ya Posta ya Uingereza, ukaanza kuenezwa katika matawi ya nchi nzima mwaka 1999. Uliunganisha kaunta za maelfu ya matawi madogo na hesabu za ofisi kuu, kama LEO ilivyoyaunganisha maduka ya chai.

Mtambo huo ulikuwa na kasoro. Mara kwa mara ulionyesha kwamba fedha zimepotea katika tawi, hali hazikupotea. Wasimamizi wa matawi walipolalamika, wengi waliambiwa kwamba wao peke yao ndio wenye tatizo. Mikataba yao iliwataka walipe upungufu, nao wakalipa kwa akiba zao na kwa kuuza nyumba zao. Zaidi ya 900 walihukumiwa kwa wizi au kwa hesabu za uongo kwa ushahidi wa mtambo huo. Mmoja alitiwa gerezani akiwa mjamzito. Wengine walikufa kabla majina yao hayajasafishwa. Sheria nayo haikuwasaidia: sharti la mwaka 1984, lililowataka waendesha mashtaka waonyeshe kwamba kompyuta ilifanya kazi sawasawa, Bunge lilikuwa limeamua kulifuta mwaka 1999.

Msimamizi mmoja, Alan Bates, alikataa kunyamaza. Yeye na wenzake, jumla watu 555, walikwenda mahakamani, na mwezi wa Desemba 2019 jaji akatamka kwamba Horizon ilikuwa na makosa yaliyoweza kuzua upungufu usiokuwapo. Mwezi wa Aprili 2021 mahakama ya rufani ilifuta hukumu za watu 39 kwa siku moja, na mwezi wa Mei 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta mamia zilizobaki.

Msomaji mpendwa, ziweke habari hizi mbili upande kwa upande. Mitambo yote miwili ilifuata shauri moja, yaani habari iandikwe mara moja ionekane kila mahali. Na shauri hilo lina makali mawili, kwa kuwa kosa nalo, likiingia mara moja, huenea kila mahali kwa wepisi ule ule. Katika Cadby Hall mashine ilihojiwa kama mtumishi mgeni, hesabu zake zikawekwa kando ya hesabu za makarani. Katika Posta mashine ilifanywa shahidi asiyehojiwa, na binadamu aliyesema kinyume chake akaonekana mwizi. Kilichobadilika katikati ya miaka hiyo hamsini ni ujasiri wa wakubwa wa kukubali kwamba daftari lao laweza kukosea.

Wengi wenu mtafanya kazi katika ofisi, maduka na hospitali zenye mitambo ya namna hii, na baadhi yenu mtaijenga. Methali ya wahenga bado ni ya kweli: mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini waliokaa gerezani kwa sababu ya Horizon wametufundisha kwamba daftari lisilokaguliwa hupoteza zaidi ya mali. Siku karani mdogo atakapokujia aseme kwamba hesabu ya mashine si ya kweli, usimfukuze. Chukua kalamu, keti naye, mjumlishe pamoja.