Mkopo bila riba Juba: tulikotoka

Wengi huuliza kwa nini mkopo usio na riba ni adimu hapa Juba. Zamani haikuwa hivi. Mwaka 1984 benki zote za Sudan ziliamriwa kuacha riba, ingawa watu wa kusini hawakuulizwa na vita vilikwishaanza. Mkataba wa amani wa 2005 ukagawa: kaskazini benki za Kiislamu, kusini za kawaida. KCB kutoka Kenya ikafungua hapa 2006.

Kimbilio letu likabaki sanduk, yaani upatu, hata vijijini kusikofika benki. Kila mtu huchanga sawa, hupokea kwa zamu, wala hapana ziada. Andikeni zamu hizo, kama Surat al-Baqara aya 282 inavyoamrisha juu ya deni. Anayeumia ni wa mwisho: tangu pauni iporomoke Desemba 2015, hupokea noti zilezile zikiwa zimepungua thamani.