Arua na Koboko: mfanyabiashara mdogo mbele ya ofisi za mji

Jiji la Arua lilianza rasmi tarehe 1 Julai 2020, siku moja na Gulu, Mbarara, Jinja, Mbale, Masaka na Fort Portal. Manispaa ya zamani iliunganishwa na eneo la Ayivu. Hivyo mwenye duka wa Manibe, Dadamu au Pajulu, aliyezoea kupeleka shida zake katika ofisi ya kaunti ndogo, akajikuta ni mfanyabiashara wa jiji. Koboko, ambayo ni makao ya wilaya iliyotengwa na Arua mwaka 2005, ina hadhi ya manispaa. Sheria zinazomhusu mfanyabiashara ni zile zile katika miji yote miwili.

Hatua ya kwanza ni kusajili jina la biashara katika Idara ya Usajili ya Uganda, URSB, yenye ofisi mjini Arua. Si jambo dogo, kwani Kampala iko mbali kwa karibu kilomita 500. Baada ya hapo hutafutwa namba ya mlipakodi kutoka Mamlaka ya Mapato, URA, kisha leseni ya biashara, ambayo hutolewa na serikali ya mji kupitia divisheni. Kwa miaka mingi ofisi hizi tatu hazikusemezana, na mwananchi ndiye aliyebeba karatasi kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Mpango wa TREP uliziweka URA, URSB na serikali za mitaa chini ya dari moja katika miji kadhaa. Serikali ilitaka kupanua orodha ya walipakodi, lakini mfanyabiashara naye alipunguziwa safari.

Fedha za leseni huenda wapi? Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa, mapato ya jiji au manispaa hukusanywa na divisheni, ambayo hubaki na asilimia 50 na kupeleka nusu nyingine juu. Kwa hiyo anayelalamikia mtaro ulioziba mbele ya duka lake ana haki ya kuuliza katika divisheni kabla hajamtafuta meya.

Jambo linaloleta manung'uniko zaidi, hata hivyo, ni kuiuzia serikali bidhaa na huduma. Mji hununua karatasi, chakula cha mikutano, mchanga, matofali, vipuri na kazi za ufundi kila mwaka. Ununuzi huo huongozwa na sheria ya mwaka 2003, iliyorekebishwa mwaka 2021 ili, pamoja na mengine, kutenga sehemu ya zabuni kwa vikundi vilivyosajiliwa vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Wengi hawaifahamu nafasi hiyo. Wengine huifahamu siku ambayo dirisha la maombi limekwisha kufungwa.

Kalenda ndiyo siri ya mambo haya. Mwaka wa fedha wa Uganda huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Bajeti hujadiliwa miezi mingi kabla, na mpango wa ununuzi huandaliwa kutokana na bajeti hiyo. Anayesubiri tangazo ubaoni amechelewa kumtambua mteja wake. Anayehudhuria mkutano wa bajeti hujua mapema mji unakusudia kununua nini. Zabuni sasa zinazidi kuhamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, na fundi asiye na kompyuta analazimika kutafuta msaada.

Kalenda hiyo hiyo huleta machungu ya malipo. Fedha ambazo hazikutumika hadi 30 Juni hurudi Hazina, na ankara iliyokwama mezani wakati huo inaweza kugeuka deni la kungoja bajeti nyingine. Aliyekopa mtaji ili atimize agizo la serikali ndiye anayeumia, maana riba haisubiri. Vilevile, malipo yanayozidi shilingi milioni 1 hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 6, isipokuwa kwa wale waliosamehewa na URA. Ni heri kuihesabu kodi hiyo wakati wa kupanga bei, kabla ya kutia sahihi.

Kisha kuna lugha. Katika masoko ya Arua na Koboko biashara huendeshwa kwa Kilugbara, Kikakwa, Kinubi na Kiswahili, lakini nyaraka za zabuni huandikwa kwa Kiingereza. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kukitumia rasmi. Bado ni nadra kukiona kwenye fomu. Maelezo ya mdomo yaweza kuombwa kwa afisa biashara, na kuyaomba si aibu.

Mwombaji anayeamini kwamba zabuni haikutolewa kwa haki hupeleka malalamiko yake kwa maandishi kwa afisa mhasibu, ambaye katika jiji au manispaa ni karani wa mji. Asiporidhika na jibu, hukata rufaa katika baraza la rufaa za ununuzi wa umma. Muda uliowekwa kisheria ni mfupi, nao huhesabiwa kwa siku, kwa hiyo nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ihifadhiwe tangu mwanzo.