Hasira Iliyogeuzwa Wito: Pambano la Goku na Frieza katika Toleo la Kiingereza

Mijadala kuhusu toleo la Marekani la Dragon Ball Z, katuni ya Kijapani, huanza na orodha ya vilivyokatwa. Mwaka 1996 kampuni ya Funimation, ikishirikiana na Saban, ilizibana sehemu 67 za mwanzo zikawa 53. Damu ilifutwa, bia ikageuzwa maji, na waliokufa wakasemekana wamehamia ulimwengu mwingine. Adui aitwaye Nappa anapolipua ndege yenye watu, sauti ya Kiingereza inawatuliza watoto kwamba miavuli imeonekana, ingawa kwenye skrini hakuna hata mmoja. Mashabiki wamezicheka hila hizi kwa miaka, na zinachekesha kweli. Hata hivyo, nadhani mkasi umelaumiwa kupita kiasi. Badiliko zito zaidi lilifanyika katika maneno, sauti na muziki, nalo liligusa sababu ya mtu kupigana.

Pambano la shujaa Goku na adui wake Frieza katika sayari ya Namek linalionyesha hilo wazi. Katika sehemu ya 95, iliyorushwa Japani Juni 1991, Frieza anamwinua Krillin, rafiki wa Goku, angani na kumlipua mbele ya Goku. Goku anatetemeka, nywele zinakuwa za dhahabu, naye anamwamuru mwanawe Gohan aondoke kabla chembe ya akili iliyobaki haijamtoka. Baba anajiogopa mwenyewe. Baadaye, akiulizwa yeye ni nani, jibu lake la Kijapani halina makuu: ni Msaiyan (mtu wa jamii ya wapiganaji wa anga) aliyetoka Duniani kuja kumwangusha Frieza, shujaa wa hadithi za kale mwenye moyo mtulivu aliyeamshwa na ghadhabu. Hadai kumwakilisha mtu yeyote. Ni mfiwa aliyekuja kulipiza kisasi, na mtazamaji hana hakika kama huyu bado ni Goku yule yule.

Toleo la Funimation la 1999 linampa hotuba nyingine kabisa. Goku anajitangaza kuwa tumaini la ulimwengu, jibu kwa viumbe vyote vinavyolilia amani, mlinzi wa wasio na hatia, nuru gizani. Hotuba ina mvuto. Wapo waliokua nayo na hawataki iguswe. Lakini mtu ambaye punde tu ameshuhudia rafiki yake akipasuliwa vipande anapata wapi utulivu wa kujitungia sifa? Kisa cha Goku, mtoto mchanga aliyerushwa Duniani kutoka sayari iliyoangamia, tayari kilifanana na cha Superman. Waandishi wa Funimation walikamilisha mfanano huo kwa kumvika pia wito wa Superman.

Sauti nayo ilisukuma upande huo huo. Kwa Kijapani Goku anaigizwa na Masako Nozawa, mwanamke aliyemwigiza tangu Goku akiwa mtoto wa milimani mwaka 1986. Anapofoka kwenye Namek, bado tunamsikia mtoto yule ndani ya mtu mzima, na ndiyo maana ghadhabu yake inatisha. Sauti nzito ya Sean Schemmel, Goku wa Kiingereza, haina kumbukumbu hiyo. Muziki wa Shunsuke Kikuchi katika toleo la Kijapani huacha nafasi za kimya; ule wa Bruce Faulconer katika toleo la Marekani karibu haunyamazi kabisa, na kila mara humwambia msikilizaji ahisi nini. Shaka haipati pa kukaa.

Sidai kwamba kila anayeingiza sauti mpya anaiba. Wasimulizi wa filamu Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Kenya waliingiza sauti zao katika filamu za watu, wakatania na kuongeza chumvi, lakini hadhira ilijua nani anasema. Toleo la 1999 liliyatia maneno yake kinywani mwa Goku bila kujitaja.

Kuna pingamizi moja la kweli: hata mtunzi wa Goku, Akira Toriyama, aliwahi kulalamika kwamba anime ya kampuni ya Toei ilimfanya Goku mtetezi wa haki kuliko alivyokusudia. Basi Wamarekani walikwenda mbali zaidi katika njia iliyokwisha kufunguliwa Japani. Kwamba haikuwa njia ya lazima ilithibitika mwaka 2010, Dragon Ball Z Kai, toleo jipya la katuni hiyo, iliporushwa na kituo cha Nicktoons. Kwa ajili ya watoto damu ilifutwa tena, lakini Goku alipoulizwa yeye ni nani, alijibu kwa Kiingereza karibu kama alivyojibu kwa Kijapani.