Uwanja wa Farasi wa Nairobi

Jirani na soko la Kariokor, katika upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, ipo barabara iitwayo Race Course, yaani barabara ya uwanja wa mbio za farasi. Apitaye hapo leo haoni farasi hata mmoja. Huona mabasi, wauza vyondo na mafundi wa viatu vya ngozi. Lakini jina hilo halikuzuka bure. Kwa muda wa nusu karne hivi, mpaka mwaka 1954, farasi walishindana katika uwanda huo, nasi tunaochunguza utamaduni wetu hatuna budi kuuliza: mashindano hayo yalikuwa ya nani?

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na walowezi wa Kizungu hawakukawia kuanzisha mbio. Farasi si mnyama wa kila mahali katika nchi hizi. Maradhi yaenezwayo na usubi, pamoja na mbung'o wa nyikani, humdhuru sana katika nchi za chini; kwenye baridi ya nyanda za juu alipata nafuu. Baadhi yao waliletwa na wafanyabiashara wa Kisomali, wakiswagwa mwendo mrefu kutoka kaskazini.

Wiki ya mbio ilikuwa sikukuu kuu ya walowezi. Walishuka kutoka mashamba ya Bonde la Ufa kwa gari la moshi, wakajaza Hoteli ya Norfolk na, tangu mwaka 1913, klabu ya Muthaiga, ambamo Mwafrika aliingia kwa utumishi tu. Siku yenyewe ilipowadia, jukwaani palikuwa na kofia za mabibi, darubini na madau ya fedha. Kwingineko walisimama Wahindi, Wasomali na Waafrika waliokuja kutazama. Farasi walipokata kona ya mwisho, vumbi likitimka na ardhi ikitetema kwa kwato, kelele za watu wote zilikuwa moja. Hatupendi kulipamba jambo hili: umoja huo ulidumu dakika mbili au tatu, kisha kila mtu akarudi mahali alipopangiwa na serikali ya kikoloni.

Nyuma ya jukwaa, mazizini, alikuwako saisi. Neno hili twalipata kwa Waarabu, na lilikuwa katika lugha yetu kabla ya walowezi kuja. Saisi aliamka kabla ya jua, akamlisha farasi, akamsugua, akampapasa miguu kutafuta joto la uvimbe, akamtembeza mpaka jasho likauke. Farasi mkali aliyemrusha tajiri wake alitulia kwa sauti ya saisi. Huo ni ujuzi, wala si utumishi mtupu, na ajabu ni kwamba katika orodha za washindi mna jina la farasi, la mwenye farasi na la mpandaji, lakini la saisi hamna.

Mwaka 1926 farasi jike aitwaye Wise Child, mwenye kano dhaifu za miguu, alishinda mbio za St Leger za Kenya. Mkufunzi wake, Beryl Markham, alikuwa na umri wa miaka 23. Alisifiwa, na alistahili. Lakini katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1942, alimtaja pia arap Ruta, rafiki yake wa utotoni, aliyeshirikiana naye katika kazi ya farasi. Wenzake arap Ruta walioachiwa hata jina ni wachache mno.

Soko la Kariokor nalo lina jina lake. Latokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, sawa na Kariakoo ya Dar es Salaam. Hivyo wapagazi na farasi wa mashindano wameachia majina mtaa mmoja. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi ya Waingereza yaliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, yakawakamata maelfu ya Waafrika wa mitaa hiyo ya mashariki. Mwaka huo huo mbio zilihamia uwanja mpya kando ya Barabara ya Ngong, penye msitu na mandhari ya vilima.

Baada ya uhuru wa mwaka 1963 Waafrika walikaa jukwaani na kupanda farasi wa mashindano. Saisi hakubadilika sana. Mbio zikiisha, watu wakikimbilia kuchukua fedha zao, yeye hushika hatamu, huinama, na kupapasa miguu ya farasi.