Fuvu la Zinj na Hukumu Zetu

Liko swali moja ambalo wanafunzi hawachoki kuliuliza, nalo ni swali la haki. Husema: leo twaambiwa ya kuwa zamadamu fulani alikuwa babu yetu, kesho mfupa mwingine huchimbuliwa, tukaambiwa ya kuwa hakuwa babu bali jamaa wa mbali, keshokutwa huja habari ya tatu. Ikiwa kauli hubadilika namna hii, elimu iko wapi? Alijibuye swali hili kwa hasira humvunja moyo aulizaye, na alijibuye kwa mzaha humfundisha kuidharau elimu. Jibu lililo bora ni kutwaa mfano mmoja na kuufuata tangu mwanzo wake hata ulipofika leo. Mfano nitakaoutwaa ni wa fuvu lililopatikana Olduvai mwaka 1959, kwa sababu ni vichache visukuku vya Afrika Mashariki vilivyohukumiwa mara nyingi kama hicho, na kwa sababu katika hukumu hizo sisi wenyewe tulikuwa upande mmoja wa shauri.

Bonde la Olduvai, ambalo Wamaasai huliita Oldupai kwa jina la mkonge wa mwituni uotao hapo, liko kaskazini ya Tanzania, kati ya milima ya Ngorongoro na mbuga za Serengeti. Maji yamelichimba kwa zama nyingi hata matabaka ya jivu la volkeno na udongo wa ziwa la kale yakabaki wazi, moja juu ya jingine, la kale zaidi likiwa chini. Louis Leakey alifika hapo mara ya kwanza mwaka 1931, na Mary, aliyekuja kuwa mkewe, mwaka 1935. Kwa miaka mingi waliokota zana za mawe kwa wingi, lakini mwenye zana hawakumwona. Tarehe 17 Julai 1959 Louis alikuwa hawezi, akabaki kambini. Mary alitoka kwenda mahali walipopaita kwa herufi FLK, ambazo ya mwisho kati yake ni ya neno letu korongo. Huko aliona mfupa umechomoza katika ardhi, na meno makubwa yamo katika taya. Vipande vya fuvu lile vilikuwa vipatavyo 400, na kazi ya kuvikusanya na kuviunga ilikuwa ndefu.

Leakey alilipa fuvu jina la Zinjanthropus boisei. Zinj ni neno ambalo waandishi wa Kiarabu wa kale walilitumia kwa pwani ya Afrika Mashariki na watu wake, nalo ndilo lililomo katika jina la Zanzibar. Neno lililoungwa nalo ni la Kiyunani, lenye maana ya mtu. Na neno la mwisho ni heshima kwa Charles Boise, aliyetoa fedha za uchimbaji. Msomaji ataona ya kuwa ndani ya jina hili hukumu ya kwanza ilikwisha kutolewa. Wakati ule wanazuoni wengi walimpambanua mtu na mnyama kwa kazi ya kutengeneza zana. Fuvu lilionekana katika uwanja mmoja na zana za mawe. Kwa hiyo Leakey alisema, mwenye fuvu ndiye mwenye zana, na mwenye zana ni mtu.

Hukumu hiyo ilipata nguvu mpya mwaka 1961. Leakey alikuwa amekadiria umri wa Zinj kuwa miaka 600,000 hivi. Jack Evernden na Garniss Curtis walilipima jivu la volkeno la tabaka lile kwa njia ya potasiamu na argoni. Njia hiyo ni rahisi kuielewa. Sehemu ndogo ya potasiamu iliyomo katika mawe ya volkeno hugeuka polepole kuwa gesi ya argoni. Jiwe likiwa limeyeyuka kwa moto, gesi hutoka. Likipoa, gesi izaliwayo hufungwa ndani. Akijua kasi ya mgeuko huo na kiasi cha gesi kilichofungwa, mpimaji hujua ni lini jiwe lilipoa. Jibu lilikuwa miaka 1,750,000. Ulimwengu wa wataalamu ulishtuka, kwa maana umri wa zana na wa wenye kuzitengeneza uliongezeka karibu mara tatu kwa kipimo kimoja.

Lakini wakati huo huo hukumu ya kwanza ilikuwa imekwisha anza kutikisika. Mwaka 1960, si mbali na mahali pa Zinj, Jonathan Leakey, mtoto wa Louis na Mary, alivumbua taya la zamadamu ambaye hajakomaa, vipande vya fuvu lake na mifupa ya mkono. Meno yake yalikuwa madogo kuliko ya Zinj, na ubongo wake ulikadiriwa kuwa wa sentimita za ujazo zipatazo 680, ilhali ule wa Zinj ulikuwa kiasi cha 500 tu. Mwaka 1964 Louis Leakey, Phillip Tobias na John Napier walimtangaza kwa jina la Homo habilis, yaani mtu stadi. Zana akapewa yeye. Katika tangazo lao waliandika kwa uangalifu: hawakukana ya kuwa huenda wote wawili walitengeneza zana, lakini waliona yaelekea zaidi kuwa stadi alikuwa huyu mpya, na ya kuwa Zinj alikuwa mgeni aliyeingia pasipo pake, au hata windo la wenye makao. Wengi waliofuata walilisahau neno huenda, wakayashika yaliyobaki. Hata jina la Zinjanthropus halikudumu. Fuvu lilihamishiwa katika jamii ya Australopithecus, na leo wengi huliita Paranthropus boisei.

Kwa nini hukumu hii ya pili ilikubalika kwa muda mrefu? Sababu moja ilikuwa nzuri: ubongo mkubwa zaidi na mkono uliopatikana ni ushahidi wa maana. Sababu nyingine haikuwa ushahidi bali mapenzi. Wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Sisi tulio wa jamii ya Homo ndio tuliokuwa waamuzi, na Homo habilis alihesabiwa kuwa wa jamii yetu. Zinj ni wa tawi lililokatika zaidi ya miaka milioni 1 iliyopita; hakuacha mtoto wa kumsemea. Asiyekuwapo na lake halipo. Fuvu lake lilipatikana bila mkono, na sisi tukafanya kana kwamba kutouona mkono ni sawa na kuuona mkono usio na ustadi.

Kama alivyonyimwa zana, ndivyo alivyopewa chakula kwa kukisia. Magego yake ni mapana mno, na juu ya utosi wake uko ukingo wa mfupa mfano wa upanga wa jogoo, ambao ulishika misuli ya kutafunia. Watu walipouona uso huo walimpa jina la utani la mvunja kokwa, na jina likageuka kuwa elimu: ikafundishwa ya kuwa alivunja mbegu na kokwa ngumu kwa meno. Mwaka 1964 Kamoya Kimeu, mvumbuzi mashuhuri wa Kenya, alipata huko Peninj, karibu na Ziwa Natron, taya la chini la zamadamu wa namna ile ile, lenye magego makubwa vile vile. Taya hilo lilionekana kuuthibitisha usemi wa zamani, kwa sababu wote walilitazama kwa jicho moja.

Ndipo wakaja waliotazama kwa njia nyingine. Mwaka 2008 Peter Ungar na wenzake walichunguza kwa hadubini mikwaruzo ya meno ya zamadamu hawa, wasiione alama ambazo kokwa ngumu huziacha. Mwaka huo huo Nikolaas van der Merwe, Mtanzania Fidelis Masao na Marion Bamford walitangaza vipimo vya kaboni katika meno ya zamadamu wa Tanzania. Kaboni ya nyasi za nchi ya joto na ya mafunjo hutofautiana na ile ya matunda na majani ya miti, na alama yake hubaki katika jino. Mwaka 2011 Thure Cerling na wenzake walipima meno mengi zaidi kutoka Kenya. Ikaonekana ya kuwa zaidi ya robo tatu ya chakula cha Paranthropus boisei ilitokana na mimea ya namna ya nyasi, ndago na mafunjo. Taya lile kubwa, basi, yaelekea lilikuwa la kutafuna kwa muda mrefu vitu vingi vya nyuzinyuzi. Hapana jino lililobadilika kati ya mwaka 1959 na mwaka 2011. Kilichobadilika ni swali lililoulizwa kwa jino.

Shauri la zana nalo lilifunguliwa tena. Mwaka 2015 Sonia Harmand na wenzake walitangaza zana za mawe kutoka Lomekwi, magharibi ya Ziwa Turkana, ambazo umri wake walisema ni miaka milioni 3.3. Wako wanaoupima ushahidi huo kwa tahadhari. Lakini ukisimama, zana hizo ni za kale kuliko kisukuku chochote cha Homo kijulikanacho. Kisha mwaka 2023 Thomas Plummer na wenzake walieleza habari za Nyayanga, katika rasi ya Homa, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria. Hapo, katika matabaka ya umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, zilipatikana zana za mawe na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Pamoja nazo yalipatikana magego mawili ya zamadamu, nayo yalikuwa ya Paranthropus. Hali ilikuwa kama ya Olduvai mwaka 1959: meno ya zamadamu huyu karibu na mawe yaliyochongwa. Safari hii wavumbuzi hawakuharakisha kusema ya kuwa mwenye meno ndiye mwenye zana. Walisema tu ya kuwa hatuna tena haki ya kumtoa barazani kabla ya kumsikiliza.

Mwaka 2025 mkono wenyewe ukaonekana. Kutoka Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana, Carrie Mongle na wenzake walitangaza mifupa ya mkono na ya mguu, pamoja na meno yaliyoonyesha ya kuwa mwenyewe ni Paranthropus boisei, wa miaka zaidi kidogo ya milioni 1.5 iliyopita. Mguu ni wa kiumbe aliyetembea wima. Mkono una kidole gumba kirefu kwa kulinganishwa na vidole vingine, tena una nguvu kubwa ya kushika. Haukuwa sawa na wetu katika kazi za uangalifu mwingi, lakini haukuwa mkono wa kunyimwa jiwe. Mkono huu hauthibitishi ya kuwa Zinj wa Olduvai alichonga mawe yaliyokuwa kando yake. Umeiondoa sababu moja iliyotumika kumkatalia.

Sasa twaweza kumrudia mwanafunzi wetu. Katika habari hii yako mambo yaliyosimama imara tangu mwanzo. Fuvu lilipatikana mahali fulani, katika tabaka fulani, pamoja na zana fulani, haya hayakubadilika. Umri uliopimwa mwaka 1961 umerekebishwa kwa vipimo bora, nao sasa huhesabiwa kuwa kiasi cha miaka 1,840,000, umesogezwa, haukupinduliwa. Yaliyopinduliwa ni yale tuliyoyajaza wenyewe katika nafasi tupu: mwenye zana ni nani, alikula nini, alistahili nini. Kwa hiyo uvumbuzi mpya haukuifanya elimu ya jana kuwa uongo wote. Uliyatenga mambo mawili yaliyokuwa yamechanganyika, lililoonekana na lililodhaniwa.

Mwanafunzi asomaye habari za kale na ajizoeze kuuliza katika kila sentensi: hili lilionekana, lilipimwa, au lilikisiwa? Kukisia si dhambi, kwa maana pasipo kukisia hapana achimbaye. Dhambi ni kukisia jambo, kisha kulifundisha kana kwamba lilionekana. Leakey na wenzake waliandika huenda mwaka 1964, na neno hilo dogo limewatetea kwa miaka zaidi ya 60 kuliko kurasa nyingi za waliolifuta.

Fuvu la Zinj ni mali ya Makumbusho ya Taifa ya Tanzania, yaliyoko Dar es Salaam. Halijaongezeka jino wala kupungua tangu lilipoungwa. Katika muda huo limeitwa mtu, likavuliwa utu. Limeitwa mvunja kokwa, likaonekana mla nyasi. Limepewa zana, likanyang'anywa, na sasa shauri lake limo tena mbele ya wazee. Huenda mfupa utakaolikata shauri hilo haujachimbuliwa. Atakayeuchimbua yumkini ni mmoja wa wanafunzi waulizao leo kwa nini kauli hubadilika.