Mustang au Subaru: Lipi lafaa Eastlands?
Gari la kasi lina gharama mbili: ya kulinunua na ya kulitunza. Mkazi wa Buruburu au Umoja anayetamani Ford Mustang sharti akumbuke kwamba Kenya, kwa kawaida, haisajili magari ya usukani wa kushoto wala kuruhusu uagizaji wa yaliyopita umri wa miaka 8. Mustang za usukani wa kulia zilianza kuundwa kiwandani mwaka wa 2015. Aidha, injini ya V8 ya lita 5 hutozwa ushuru wa juu kuliko ya lita 2 ya Subaru Impreza WRX.

Vipuri vya Subaru hupatikana Barabara ya Kirinyaga. Vya Mustang aghalabu huagizwa ng'ambo. Kabla ya kulipa, uliza bei ya breki na klachi.